Mgongo Mgeni

2 Machi

Leo shingo ya Shadia imekaza. Nilimshika kwapani nikamwinua, na kichwa hakikuanguka, kilisimama kama ua la boga asubuhi. Akanitazama kwa muda mrefu, kama anayesoma bango. Nje ukungu ulikuwa umelala juu ya shamba, mti wa parachichi hauonekani, nikahisi nyumba yetu imeinuliwa usiku ikawekwa mawinguni, mimi na huyu mjukuu wangu ndani yake.

Kwa hiyo sasa anaweza kupanda mgongoni. Tangu Desemba nimekuwa nikimbeba mikononi, na jembe limenisubiri ukutani. Mama yake, Esteri wangu, alijifungulia Kasulu kwa mumewe. Alimwona mtoto, akamtaja jina, na kabla jua halijazama akatuacha. Hilo sitaliandika tena.

Saady, baba wa mtoto, alisema mbele ya wazee wa pande zote mbili: Shadia akae na bibi yake huku Busunzu masika yote, na maharage yakivunwa aende Kasulu, alelewe na Zaitun, dada yake Saady. Nilisema sawa. Siku ile ningesema sawa kwa lolote.

4 Machi

Nimejaribu khanga ya zamani. Nyembamba, imenikata bega. Alilia mpaka akalala kwa kuchoka.

5 Machi

Shuka la kitandani. Tuliloa jasho sote wawili, tukaacha.

9 Machi

Zaitun alikuja na basi la asubuhi, ameleta makopo ya maziwa na boksi kutoka kwa Saady. Ndani ya boksi mlikuwa na mkoba wa kubebea mtoto, una sponji na mikanda na klipu, umetoka Kigoma mjini. Kwenye boksi kuna picha ya mwanaume anacheka, mtoto ananing'inia kifuani kwake. Tulikaa barazani mimi na Zaitun tukaifuata ile picha. Kila klipu tuliyofunga ilifungua nyingine.

Jirani yangu, mama Nduwayezu, alisimama kwenye ua na jembe begani.

"Yoo! Mama Esteri, mnafunga mtoto au mnafunga mzigo wa pikipiki?"

"Ndivyo wanavyobeba siku hizi," nikasema.

"Huyo hajabebwa. Huyo ametundikwa."

Na kweli, Shadia alikuwa amekaa pale mbele, miguu hewani, macho makubwa, kama mtu aliyepandishwa jukwaani bila kuambiwa atasema nini. Zaitun akaanza kucheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu Desemba. Baadaye niliona vibaya kwamba nimecheka na yeye.

Kisha yeye naye akaomba kumbeba mgongoni kwa khanga yake. Shadia alilia mpaka akapata kwikwi. Zaitun ananukia udi, mikono yake laini ya dukani ina hina. Aliwahi kuolewa, akarudi kwa kaka yake bila mtoto, na sasa wanauza vitenge pamoja. Mgongo wake ni mgeni, nikawaza, na mtoto anajua.

Alipoondoka, mama Nduwayezu akaniinamia: "Mwache tu amkatae. Mtoto akimkataa, watamchukuaje?"

Nilizunguka na neno hilo siku nzima kama pipi chini ya ulimi.

10 Machi

Mvua. Palizi haikuwezekana.

13 Machi

Leo nilifungua sanduku nikatoa kitenge ambacho sijawahi kukigusa.

Walipokuja kumposa Esteri, watu wa Saady walileta mahari, na pembeni wakaleta kitu wanachokiita mbeleko. Ni mila yao waliyotoka nayo pwani: mama wa bibi harusi hupewa kitambaa kwa ajili ya mgongo uliombeba binti. Sisi Waha tuna yetu, hiyo hatukuwa nayo. Nakumbuka mjomba wangu aliuliza, "Na mimi niliyembeba kwenye baiskeli?" Watu wakacheka sana. Mimi nilikipokea, nikakiweka sandukuni na karatasi yake ya dukani. Niliona vibaya kulipwa kwa kumbeba mwanangu.

Ni kizuri, cha rangi ya kahawia na njano. Nikainama, nikampandisha Shadia, nikakizungusha. Akateleza! Nilimdaka kwa kiwiko. Nilikuwa nimesahau kitu ambacho kila mwanamke anajua: kitenge kipya hakishiki mtoto, kina wanga, kinang'aa, kinateleza kama jani la mgomba. Lazima kifuliwe mpaka kikate tamaa.

14 Machi

Nimefua, nimepiga jiweni, nimeanika.

15 Machi

Nimefua tena. Mvua ikakisuuza yenyewe kambani.

17 Machi

Kimelainika. Nilimfunga, magoti yake yakapanda juu kiunoni kwangu, shavu likajibandika katikati ya mabega, akashusha pumzi moja ndefu kama mzee aliyefika nyumbani. Nililima mpaka saa sita. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Kuna mahali, katikati ya mstari wa maharage, nilisahau ni nani niliyembeba. Uzito ule ule, joto lile lile, na mvuke ule wa maziwa shingoni. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na aliye mgongoni ni Esteri, na nikiinuka nitamwona baba yake anakuja na chai. Niliimba "hora, hora", wimbo wetu wa kubembelezea mtoto, mpaka mwisho wa mstari. Nilipoinuka kulikuwa na mihogo tu, na mbuzi wa watu.

Sikuhuzunika. Ilikuwa kama kutembelewa.

24 Machi

Zaitun amekuja tena. Aliona kitenge mgongoni kwangu, akasimama mlangoni.

"Mama, hicho si ndicho cha mbeleko?"

"Ndicho."

"Nilikichagua mimi. Saady alitaka cha bluu." Akakishika pindo, akakisugua kati ya vidole kama anavyofanya dukani. "Nilidhani hukukipenda. Hatukukuona nacho hata siku moja."

"Nilikuwa nakitunza," nikasema, na haikuwa uongo wote.

Alijaribu kumbeba. Kilio kile kile. Alimrudisha mikononi mwangu bila kunitazama, akaenda jikoni kumenya mihogo. Kisu chake kinakwenda polepole, ganda nene, nusu ya muhogo inatupwa. Halafu akasema, kama anayeongea na sufuria:

"Mwanaheri alikuwa anapiga mluzi akipika."

Mwanaheri ni jina walilompa Esteri aliposilimu. Mimi sikulizoea. Lakini mluzi! Hapa nyumbani nilimkataza tangu mdogo, nikimwambia mwanamke hapigi mluzi, ataita nyoka. Kumbe alikuwa nao mdomoni miaka yote.

"Mluzi gani?" nikauliza.

Zaitun akakunja midomo akajaribu. Hawezi hata kidogo, ilitoka hewa tu. Lakini nilisikia.

25 Machi

Nimewaza mluzi kutwa.

7 Aprili

Sasa najua kwamba namsubiri. Si makopo ya maziwa, namsubiri yeye, kwa sababu kila akija anaacha kitu. Leo amesema: Esteri alikuwa akilala mchana juu ya marobota ya vitenge, na wateja waliambiwa rangi hiyo imekwisha ili asiamshwe. Miezi ile ya mwisho ya mwanangu iko kwa huyu mwanamke. Mimi ninaye Esteri wa meno ya utoto na wa homa ya surua na wa kuogopa bata. Yeye ana yule ambaye mimi sikumwona.

Nikamwambia, "Njoo nikuonyeshe. Unakosea kwa kuwa umesimama wima kama uko kaunta."

Nilimpa boga kwanza, maana hata sisi tulianza na maboga. Mama yangu alinibeba kwenye ngozi ya kondoo, na mimi nikiwa mdogo nilibeba maboga kwa magunia. Nilimwambia ainame mpaka mgongo uwe meza. Aweke boga. Angoje. Asikimbilie nguo, kwanza mgongo na mzigo vizoeane. Kisha kitambaa kipite chini, kivutwe juu, fundo moja kifuani, moja kiunoni.

"Mama, limetulia!" akasema, akaanza kutembea uani kwa madaha.

Boga likatoka kwa chini, likapasuka mlangoni.

"Mazishi saa ngapi?" mama Nduwayezu akauliza kutoka kwenye ua wake.

Tulipika lile boga. Lilikuwa tamu. Jioni mama Nduwayezu alinifuata kisimani. "Unamfundisha?" aliniuliza. "Unanoa kisu kitakachokukata." Nilisema maji yamejaa, nikaondoka.

11 Aprili

Nimeota Esteri anatembea mbele yangu kwenye ukungu, mgongo tu ndio ninaouona. Simwiti. Natembea tu nyuma yake, ninafurahi.

12 Aprili

Maharage yametoa maua. Meupe, na mengine zambarau.

22 Aprili

Naandika nikiwa Kibondo, kwenye benchi la wodini. Shadia amelala. Nitaandika yote yalivyokwenda, maana nikisinzia nitafikiri niliota.

Zaitun alifika juzi, arudi leo. Asubuhi Shadia alikuwa wa moto, macho yamelegea, amekataa maziwa. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na njia ya kutoka kwetu hadi kwenye lami ni udongo mwekundu mtupu, ukilowa pikipiki haishuki. Ni lazima kupanda kwa miguu. Na mimi wiki iliyopita niliteleza na ndoo, kifundo cha mguu kimevimba. Kwa fimbo natembea. Kwa fimbo na mtoto mgongoni, hapana.

Zaitun aliangalia mguu wangu. Mimi niliangalia mgongo wake.

Aliinama. Nikamweka Shadia pale, nikazungusha kitenge, akafunga mwenyewe. Mtoto akaanza.

"Akilia hivi njia nzima?" akauliza.

"Alie. Mtoto anayelia unajua yuko wapi."

Tukatoka. Yeye mbele, mimi nyuma na mwavuli nikijaribu kuwafunika wao, maji yananiingia mgongoni. Tulipita maharage, tukapita mihogo, tukapita kanisa letu, na muda wote Shadia analia, kilio kile cha kumkataa, ninachokijua. Zamani, mwezi mmoja tu uliopita, kilio hicho kilikuwa kinanifurahisha. Jana... leo, yaani asubuhi hii, nilikifuata kama mtu anayefuata kamba gizani. Alikuwa anatembea vibaya, viatu vya mjini vinabaki kwenye tope. Akavivua, akavishika mkononi.

Kwenye mlima, karibu na mikaratusi, kilio kikakatika.

Zaitun akasimama.

"Mama."

"Nipo."

"Amenyamaza."

Mvua ilikuwa inapiga mwavuli. Sikusikia kingine.

"Mama, mimi simwoni. Niangalizie."

Nilikuwa naona kitenge na kofia ya sufu, basi. Ilinipasa kuinua pindo. Mkono wangu haukutaka. Desemba nilifunua nguo moja kumtazama mwanangu, na tangu siku ile sijaziamini nguo. Zaitun hakugeuka, alisimama ameinama kidogo, mgongo umekuwa meza kama nilivyomfundisha, anangoja niseme. Mvua ilikuwa na sauti ya watu wengi wanaoongea mbali.

Nikafunua.

Shavu lilikuwa limejibana kwenye mgongo wake, mdomo wazi, mate yametengeneza duara jeusi kwenye gauni. Niliweka kidole chini ya pua. Pumzi ya moto, ya haraka, lakini pumzi.

"Amelala," nikasema.

"Amelala kweli?"

"Anakutemea mate."

Akaanza kulia na kucheka pamoja, lakini mabega hayakutikisika. Aliyazuia ili asimwamshe. Nimeona watu wengi wakilia mwaka huu, sijaona aliyelia namna ile. Kisha akaendelea kupanda, pekupeku, na mimi nikamfuata.

Ni malaria. Wamemchoma sindano, homa imeshuka. Nilipomtoa mgongoni, mgongo wa Zaitun ulikuwa mwekundu na mistari ya kitenge. Yeye sasa amelala ameketi, kichwa ukutani, mdomo wazi, sawa na mtoto.

24 Aprili

Tumerudi. Shadia amekunywa maziwa yote.

6 Mei

Mvua inapungua. Siku hizi inakuja mchana, inanyesha kidogo kama aliyesahau kitu, inaondoka.

19 Mei

Maganda ya maharage yanakauka. Nimeanza kutolitazama shamba.

Zaitun alikuwepo leo. Shadia sasa akimwona ananyoosha mikono. Tulikaa tukichambua mboga, Shadia mgongoni kwake, na nikamwuliza kama kuna kingine, maana nimeshakuwa mwombaji wa hivi vitu.

"Kipo. Nilikuwa naogopa kukisema, utadhani nimekitunga ili nimchukue mtoto."

"Sema."

Alisema kwamba mwezi wa kumi na moja, dukani, Esteri alimfunga yeye Zaitun jora zima la kitenge mgongoni. "Akaniambia, wifi, jifunze mapema. Mimi msimu wa kilimo nitakuwa Busunzu namsaidia mama, wewe ndiye utakayembeba. Nikauza mchana mzima nina jora mgongoni. Mteja mmoja akaniuliza, la kike au la kiume? Mwanaheri akacheka mpaka akakaa chini."

Niliendelea kuchambua. Mboga zilikuwa zimekwisha, nilikuwa nachambua vijiti.

"Alicheka vipi?" nikauliza. Ninajua alivyokuwa anacheka. Nilitaka tu mtu mwingine aniambie.

"Kama anapiga chafya," Zaitun akasema.

Ndivyo.

27 Mei

Kung'oa maharage. Mgongo, jua, mgongo.

28 Mei

Vivyo hivyo.

1 Juni

Tulipiga maharage uani, fimbo zinalia, punje zinaruka. Saady alikuja. Ni kijana mpole, amekonda. Alivua koti akashika fimbo, akapiga nasi mpaka alasiri bila kusema kilichomleta. Kisha aliketi kwenye kinu.

"Mama," akasema, "tulisema mavuno. Lakini mimi siwezi kukunyang'anya mara mbili. Ukisema abaki, atabaki. Sitauliza."

Mama Nduwayezu, aliyekuja kusaidia kupepeta, alinikanyaga mguu ule mbovu. "Sema," akaninong'oneza. "Sema abaki, mama Esteri. Nani atakulaumu?"

Hakuna ambaye angenilaumu. Nilikuwa nalo neno mdomoni. Makapi ya maharage yalikuwa yanaruka kwenye jua, uani kote kulikuwa na vumbi la dhahabu, na Shadia mgongoni kwangu anapiga miguu. Nikawaza ule mlima siku ya mvua, na mguu wangu. Nikawaza baba anayekonda. Nikawaza jora.

"Nipe wiki," nikasema.

4 Juni

Nimembeba kutwa, hata pasipokuwa na kazi. Tulikwenda mpaka mtoni bila ndoo. Nimemwonyesha maji, mbuzi, kanisa, kaburi la babu yake. Anashika kila kitu kwa macho.

6 Juni

Nimempigia Zaitun. "Njooni Jumamosi."

"Mama, una hakika?"

"Sina. Njooni."

7 Juni

Mama Nduwayezu ameleta ndizi mbivu za safari. Amekasirika, lakini ameleta.

8 Juni

Wamekwenda.

Asubuhi ukungu ulikuwepo kidogo, kama wa kuaga. Saady alibeba gunia la maharage, mimi nilibeba Shadia mpaka kwenye lami, Zaitun hakuomba. Tulipofika kituoni nilimfungua, nikampa baba yake. Kitenge nilikikunja nikamkabidhi Zaitun. Hakunishukuru, namshukuru kwa hilo. Alinishika mkono akauweka kwenye shavu lake, na ulinukia maharage.

"Msimu wa kupanda tunakuja," akasema. "Wote watatu. Nitalima."

"Wewe?" mama Nduwayezu akadakia, maana alikuwa ametusindikiza. "Muhogo unaumenya ukabaki kidole, jembe utaliweza?"

"Si nitafundishwa?"

Basi likaja. Shadia alikuwa anatazama matairi, hakunitazama mimi. Nilirudi peke yangu, nikafagia uwanja, nikafagia tena. Kuna sehemu ya mgongo wangu, katikati ya mabega, inayohisi upepo. Kila nikiinama kushika kitu, mkono mmoja unakwenda nyuma wenyewe kushika kisichokuwepo.

Alasiri simu ikalia.

"Mama, shikamoo tena. Tumefika."

"Marahaba. Amelia?"

"Kwenye basi hapana, alikaa na baba yake. Kutoka stendi nimemfunga mwenyewe. Amelala njiani." Alikuwa ananong'ona. "Mama, nimesimama hapa chumbani, sijui kumshusha."

"Hujui?"

"Siku zote umekuwa ukimtoa wewe. Nimelijua hilo sasa hivi. Saady alitaka kumvuta kama gunia, nimemfukuza."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Kaa ukingoni mwa kitanda," nikamwambia. "Fundo la chini lilegeze, la juu liache kwanza."

"Tayari."

"Sasa egemea nyuma, polepole, kama na wewe unataka kulala. Mpaka makalio yake yaguse godoro. Mkono mmoja nyuma ya kichwa chake."

"Ameguna."

"Usisimame. Pumua naye. Akitulia, fungua la juu, ujitoe wewe, nguo mwachie."

"Nimwachie?"

"Mwachie. Akiamka aikute."

Nilisikia kitambaa kikisugua, kitanda kikilia kidogo, kisha hakuna kitu. Nilikuwa nimeegemea nyuma, mgongo haujagusa godoro, mkono wangu wa kulia umeshika kichwa kisichokuwepo.

"Mama," akanong'ona. "Amelala."

"Amelala kweli?"

"Amelala."

Hatukuagana. Alikuwa ameweka simu karibu na mtoto, nadhani, maana baada ya muda nilianza kuisikia ile pumzi, na sikuutoa mkono.